Ruwenzori yetu: nani analala wapi, na mbwa anabaki wapi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Butembo, na ndugu yetu anayefanya kazi ya kutembelea vijiji vya waliorudi.)



Komite iliniomba niseme juu ya mpango ambao vijana wameleta: kujenga nyumba ya wageni yenye vyumba nane chini ya mulima Ruwenzori, upande wa Mutwanga, kwa makuta ya sanduku letu. Niliombwa kwa sababu kazi inanipeleka kule mara kwa mara, na kwa sababu mulima huo uko ndani ya parki. Parki iko na sheria zake juu ya kulala na juu ya wanyama wa nyumbani. Nitaeleza kwanza mulima na sheria zake, kisha nitasema mawazo yangu juu ya makuta. Kura ni yenu.

Mulima wenyewe

Tunazaliwa tukiuangalia, lakini wengi wetu hatujaupanda. Kichwa chake, Margherita, kina mita 5,109. Katika Afrika yote unapitwa na Kilimanjaro na mulima Kenya tu. Mpaka wa Kongo na Uganda unapita pale pale juu. Upande wetu ni sehemu ya Parki ya Virunga, iliyoanzishwa 1925. Katika 2025 ilitimiza miaka 100. Upande wa Uganda ni parki ingine, iliyoanzishwa 1991. Kwa hiyo mulima ni mumoja, watu wa chini ni wa ukoo mumoja, Wanande huku na Wakonzo kule, lakini milango ni miwili.

Mlango wetu ni Mutsora, karibu na Mutwanga. Zamani za utulivu mgeni alikuwa anajiandikisha pale, analipa, anapewa mutu wa kumuongoza, mulinzi wa parki na wabeba mizigo, kisha anapanda. Siku ya kwanza analala Kalonge, karibu mita 2,100. Siku ya pili Mahangu, karibu mita 3,300. Siku ya tatu Kiondo, karibu mita 4,200. Mwenye nguvu anaendelea mpaka Moraine, karibu na barafu. Barafu yenyewe inaisha: walipoipima watu wa mwaka 1906 ilikuwa kilometa mraba zaidi ya sita, leo haifiki moja. Maji ya mulima ule njo yanayowasha umeme wa Mutwanga tangu 2013. Kwa hiyo hata mama ambaye hatapanda hata siku moja, mulima unamuhusu.

Sheria za kulala

Juu kule hakuna hoteli. Kuko vibanda vya kulala, na watu wanalala pamoja. Kila kundi linapanda na chakula chake na blanketi zake. Sheria zake ni chache na kila moja iko na sababu.

Ya kwanza: jina lako linaandikwa ukiingia na ukitoka. Juu ya mita 3,000 kichwa kinaweza kuuma, mutu anatapika, pumzi inakosa, na dawa ya kweli ni kushuka. Kama hakuna aliyeandika kwamba uko juu, hakuna atakayejua kwamba haujashuka.

Ya pili: unalala pale palipopangwa, si popote usiku utakapokukuta. Baridi ya kule inaua, na moto wa mutu mumoja unaweza kuchoma majani makavu ya sehemu kubwa.

Ya tatu: unachopanda nacho unashuka nacho. Kopo, mufuko wa plastiki, betri, vyote vinarudi chini.

Ya nne: bei inajulikana mbele na unapewa kartasi ya malipo. Pale kartasi haipo, ugomvi unakuja.

Wale kati yenu waliokimbilia Kasese ao Bwera waliona jambo hilo upande wa pili. Kule wageni wanapanda kutoka Nyakalengija, wanalala Nyabitaba, John Matte, Bujuku, Elena. Wanaowaongoza na kuwabebea mizigo ni vijana wa Kikonzo wa vijiji vya chini. Tena sheria ya Uganda inasema asilimia 20 ya makuta ya kuingia parki irudi kwa vijiji vinavyopakana nayo. Vijana wetu waliona haya kwa macho yao, wakarudi na wazo. Ninawapongeza. Si wazo la upuzi.

Sheria ya mbwa

Sasa niseme juu ya mbwa, kwa sababu hapa njo watu wetu wanaumia zaidi.

Mbwa haruhusiwi kuingia parki. Si mbwa wa kuwinda tu. Mbwa mudogo wa muzungu, mbwa wa kulinda nyumba, paka wa mama, mbuzi: wote wanabaki inje. Ni sheria upande wetu na upande wa Uganda. Vijana wengi wanaiona kama matusi: “Mbwa wangu amefanya nini?” Ninaona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni magonjwa. Katika milima ya Bale, Etiopia, kuko aina ya mbwamwitu ambao wamebaki mamia tu katika dunia yote. Mbwa wa wachungaji waliwaletea ugonjwa wa kichaa, na mara kadhaa, kama mwaka 2003, walikufa kwa wingi. Katika Serengeti, Tanzania, mwaka 1994, ugonjwa wa mbwa wa vijiji uliingia kwa simba. Karibu simba 1,000 walikufa, theluthi moja ya wote. Hakuna aliyepiga risasi. Na kwetu watu wa Butembo mfano uko karibu zaidi: mulima Tshiaberimu. Gorila wake walikuwa wamebaki wachache sana. Mwezi wa kumi 2024, majike wanne waliolelewa Kasugho walipelekwa kule ili ukoo usiishe. Mafua ya mutu mumoja yanaweza kuharibu kazi ya miaka yote hiyo.

Sababu ya pili: mbwa anafukuza. Hata mbwa mupole, akiona mnyama anakimbia, naye anakimbia. Wewe unaita jina lake, yeye yuko na swala.

Sababu ya tatu ni ile inayotugusa sisi. Kwa macho ya mulinzi wa parki, alama ya mguu wa mbwa ni alama ya muwindaji. Kwa macho ya waasi wa ADF, mutu yeyote anayetembea porini ni mutu aliyeona njia yao. Kijana anayeingia na mbwa wawili kutafuta nyama anaingia katikati ya bunduki mbili. Tumezika vijana waliokwenda kutafuta kuni tu. Ninaomba wazazi mulio hapa museme hili nyumbani leo jioni, musingojee mimi nifike kijijini.

Mutu ataniuliza, na ni haki aulize: mbona parki yenyewe iko na mbwa? Ni kweli. Tangu 2011 Virunga iko na kikosi cha mbwa wa kunusa, wenye kufuata alama za wawindaji na kutafuta silaha na pembe. Lakini wale ni mbwa wa kazi: wamechanjwa, wamefundishwa miezi mingi, wanatembea na kamba mukononi mwa mutu aliyefundishwa pamoja nao. Hakuna anayemuachilia aende peke yake usiku. Mbwa wetu njo wanaotembea peke yao usiku.

Na tuseme ukweli juu ya hali ya vijiji tulivyorudia. Watu walipokimbia, mbwa walibaki. Waliobaki hai waliishi kwa wanachokipata, wakazaa, wakawa makundi. Leo familia inarudi, inafungua mlango, na mbwa ambao hawajui tena mukono wa mutu wanalala ndani. Wanauma watoto. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa, mara dalili zinapoanza kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili unazuilika kabisa. Mutoto akiumwa: osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha umupeleke lopitali siku ile ile kwa chanjo. Musiweke majani, musifunge kidonda, musingoje kuona kama mbwa atakufa. Na kwa mbwa wenyewe, waganga wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Munakumbuka Ebola. Ilitangazwa mwezi wa nane 2018 katika teritware ya Beni, ikaisha mwezi wa sita 2020, na ilitutolea watu karibu 2,300. Munakumbuka pia kwamba mwanzoni sheria zililetwa na mituka yenye kioo cheusi, bila maelezo, na watu walikataa. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwaka 2019. Watu walianza kusikia pale waliposikia kwa lugha yao, kwa mutu wanayemujua. Sheria ya mbwa ni vile vile. Ikiletwa na mulinzi mwenye bunduki, itakuwa vita. Ikiletwa na umoja huu, na chanjo mukononi, watu watafunga mbwa wao wenyewe.

Ninajua pia uchungu wa wazee. Mipaka ya parki ilichorwa na serikali ya Wabelgiji, na babu zetu hawakuulizwa sawasawa. Neno la mashamba bado liko mezani na litajadiliwa pale linapojadiliwa. Lakini kufunga mbwa hakumpatii mutu yeyote shamba lako. Kunamuokoa mutoto wako na kijana wako, basi.

Sasa, makuta

Vijana wanasema: amani itarudi, wageni watarudi, tuwe tayari na vyumba nane. Mimi ninasema: tuangalie miaka iliyopita. Mwezi wa tano 2018 Wangereza wawili walitekwa nyara katika Virunga na mulinzi wa kike aliuawa. Parki ilifungia wageni mpaka mwezi wa pili 2019. Mwezi wa tatu 2020 ikafunga tena juu ya korona. Kisha vita vya M23 vikafika. Upande wetu wa Ruwenzori, ADF hawakuacha njia. Na musifikiri kule Uganda ni salama kabisa: mwezi wa kumi 2023, watalii wawili na mutu aliyewaongoza waliuawa katika parki ya Queen Elizabeth, pale pale Kasese. Leo hakuna mgeni anayepelekwa Kiondo. Kitanda cha mtalii kinaweza kubaki kitupu miaka mingi, na paa lake litatafuna makuta kila masika.

Na sanduku hili ni la nani? Ni la mama anayeuza sombe na kuweka franka 1,000 kila juma. Ni la papa wa pikipiki. Ni la wafadhili waliotuamini kwa neno “waliorudi”, si kwa neno “watalii”. Makuta ya namna hiyo hayawekwi mahali ambapo mutu mumoja akipiga risasi mbali, yote yanalala.

Lakini kuko mgeni mumoja ambaye anafika leo, kesho, na juma lijalo, bila kungoja parki ifungue. Ni familia inayorudi. Inatoka Kyangwali ao Kyaka kule Uganda, inavuka Kasindi, inafika Mutwanga ao Bulongo saa kumi na moja jioni na watoto wanne, sufuria, mbuzi mumoja na mbwa. Nyumba yao iko mbele zaidi na hawajui kama iko na paa. Wanalala wapi? Leo wanalala kwenye kanisa, kwenye masomo, ama kwenye baraza ya mutu. Nimewakuta mara nyingi. Mama anakaa macho usiku wote akiwa ameshika mbuzi kwa kamba.

Kwa hiyo ninapendekeza tujenge, lakini tujenge vyumba vitatu, si nane. Tuiite nyumba ya kupitia. Anayerudi analala bure. Siku mulima utakapofunguliwa, vyumba vile vile vitapokea mpanda mulima, naye atalipa, na malipo yake yatamubeba anayerudi. Kama mulima haufunguliwi miaka kumi, nyumba haikulala hata usiku mumoja.

Na sheria za nyumba tuzichukue kwa mulima, kwa sababu zimejaribiwa:

1. Kila anayeingia anaandikwa, pamoja na kijiji anachokwenda na simu ya ndugu mumoja. Akifika kwake anapiga simu, tunaandika. Asipopiga siku mbili, tunauliza.

2. Familia inalala usiku tatu. Munajua wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Kama kijiji chake bado hakina usalama, komite inakaa na kuangalia, haimutupi inje.

3. Mbuzi na kuku wanalala kwenye zizi nyuma ya nyumba, si ndani na watoto.

4. Mbwa anapokelewa, lakini amefungwa, na hatoki bila kartasi ya chanjo. Asiyekuwa nayo, tunaita munganga wa wanyama. Makuta ya chanjo yatoke kwa sanduku. Ni bei ndogo kuliko maziko.

5. Bei ya mgeni anayelipa iandikwe kwenye mlango, na kila malipo yawe na kartasi.

6. Nyama ya porini haipikwi katika nyumba hiyo. Hata kidogo.

Sheria ya nne iko na faida ambayo vijana hawakuiona. Siku wageni watarudi, wengine watakuja na mbwa wao kwa mutuka, wafanyakazi wa miji mikubwa wako hivyo. Wakifika Mutsora wataambiwa: mbwa hapandi. Watauliza: basi nitamuacha kwa nani siku sita? Mwenye zizi safi, kamba nzuri na daftari ya chanjo atakuwa na jibu, na jibu hilo linalipwa.

Mambo ambayo tunaweza kuanza sasa

Kwa vijana walioleta mpango: musikate tamaa, kuko kazi ya kufanya kabla ya wageni. Muandike majina ya wale waliobeba mizigo upande wa Uganda, wanaojua baridi na njia. Mujifunze huduma ya kwanza. Mujifunze majina ya miti na ndege kwa Kinande na kwa Kifaransa, mgeni anauliza “hii ni nini?” mara mia kwa siku. Haya hayatumii makuta mengi na hayachomwi na vita.

Kwa komite: tuandikie parki barua, kwa heshima, tuombe mambo matatu kwa maandishi. Moja, watuonyeshe mpaka kwa miguu, mbele ya wazee, kijiji kwa kijiji, ili anayerudi na jembe ajue anasimama wapi. Mbili, watuambie mbwa aliyepotea akikamatwa mwenyewe aende kwa nani, kabla ya risasi. Tatu, siku Mutsora itafunguliwa, vijana wa vijiji vya chini wawe wa kwanza kuitwa kwa kazi. Sheria ya 2014 ya kulinda mazingira ipo. Tuisome sisi wenyewe, tusingoje kusomewa.

Kwa wafadhili: musituletee vitanda vya hoteli. Mutuletee chanjo za mbwa, sabuni, bati za vyumba vitatu, na munganga wa wanyama mara moja kwa miezi mitatu. Tutawapatia hesabu ya kila usiku uliolalwa na kila mbwa aliyechanjwa, kwa daftari, si kwa picha tu.

Papa Mwenyekiti, ninaomba kura ipigwe juu ya maswali mawili, yasichanganywe. La kwanza: tunajenga vyumba vitatu vya kupitia ao vyumba nane vya watalii? La pili: tunaanza chanjo ya mbwa katika vijiji vilivyorudiwa kabla ya masika yajayo, ndiyo ao hapana? Hata kama swali la kwanza litatugawa, ninaomba la pili lisitugawe.